Kopo Halikusema

Mdogo wangu Yaledi kaleta kopo kutoka safarini,
zito kama mtoto aliyesinzia mgongoni,
ndani yake uji mweusi wa kimea
kilichokwisha kupikwa na watu nisiowajua.
Nyuma wameandika: mimina, koroga,
ongeza sukari kilo moja,
funika, subiri.
Halikusema sukari gani.

Ndiyo maana nimesimama hapa Mpunguzi, dukani kwa Nhonya,
mkono kiunoni,
kama mtu anayechagua mkwe.

Hii nyeupe naijua tabia yake.
Hamira huikomba usiku mmoja, haiachi hata mfupa.
Asubuhi ndoo inachemka bila moto,
na pombe inatoka kali, nyembamba,
kama salamu ya karani.
Wanywaji wa Jumamosi hawaulizi.
Wanaolima kesho yake ndio huuliza.

Sukari guru imeshuka na lori la Turiani,
imefungwa kwa majani makavu ya mgomba,
ndani mna majivu kidogo, mna bua, mna nyuki aliyekufia kazini.
Inageuza ndoo nzima rangi ya maji ya Bahi
mto ukishapita.
Inaacha ladha nyuma ya ulimi,
chumvichumvi,
kama mtu aliyeaga halafu akasahau fimbo yake.

Asali ya Itigi haina haraka.
Mwezi mzima hamira inaizunguka, inaonja, inarudi.
Utamu wote huliwa;
harufu ya ua hubaki.
Sijapata kujua ua hubaki wapi
kama sukari yake imekwisha.

Zabibu ningezipata bure kwa Lechipya,
zile zilizopasuka, mnunuzi alizozikataa.
Hizo huja na hamira yake zenyewe,
ule ukungu mweupe kwenye maganda.
Lakini mgeni anayekuja na mpishi wake
hukuachia jiko namna gani?

Mama hakununua sukari.
Aliiamsha.
Uwele aliulowesha, akaulaza chini ya gunia bichi,
uvunguni, nilipolala mimi,
nikawa naota ndoto zenye harufu ya mizizi.
Siku ya tatu aling'ata punje moja.
Ya kwanza, unga. Akafunika.
Jioni aling'ata tena, akafumba jicho moja:
"Imekuja. Anikeni,
kabla mche haujaila wenyewe."
Tamu ilikuwa humo siku zote, imelala ndani ya wanga,
ikisubiri kuambiwa kumekucha.

Mwaka mmoja, kwa ujuaji wangu,
nilitia maziwa ya unga kwenye ndoo.
Nikadhani tamu ni tamu, yote italiwa.
Hamira ikapita juu yake kama haikuiona.
Pombe ikabaki na utamu wa kitoto,
majirani wakaimwaga kwa adabu, nyuma ya zizi.
Mama peke yake akaomba tena.
Ndio mwaka ule tumbo lake lilipoanza kukataa vikali.
Akawa anakunywa kibuyu kidogo, mchana, ameegemea ukuta,
na mimi nikajifunza, nimechelewa,
kwamba uko utamu ambao hamira haina meno ya kuuma,
na huo ndio alioweza kuumeza
mpaka Machi.

"Mbukwenyi, Nhonya."
Nyuma yangu watoto watatu wana mia mia za pipi,
na mwanamke wa mafuta ya taa anagonga chupa yake na pete.
Nhonya ameshika kikombe cha kupimia,
ananitazama mimi, analitazama kopo la Yaledi,
anarudi kwangu.
"Nikupimie ipi, mama Nyemo?"

Nusu ya nyeupe.
Nusu tu.
Ile nusu nyingine ninayo nyumbani,
uvunguni, chini ya gunia.
Leo ni siku yake ya pili.

Na kiberiti.
Na wewe, toa kidole kwenye mizani.